Kijani Chini, Krimu Juu

Kwa miaka miwili nimekuwa nikilipwa kuwaambia watu wa Ohio wapake rangi gani jikoni kwao. Kazi hunifikia kupitia jamaa wa Nairobi, ambaye naye huipata kwa jamaa mwingine, na huyo wa tatu sijawahi kujua yuko nchi gani. Malipo ni kwa neno. Naketi kwa meza ya plastiki nyumbani kwa Cucu, huku Mathira, mwendo mfupi wa matatu kutoka Karatina, na kuandika kwa Kiingereza safi kwamba chumba kinachotazama kaskazini kinahitaji nyeupe yenye joto, kwamba kabati za jikoni zipakwe rangi yenye mng'ao kidogo ili zifutike, na kwamba kijivu kimepitwa na wakati. Mwaka uliotangulia niliandika kwamba kijivu ndicho kimeingia.

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Nilikuwa nasoma historia, na karo iliisha kabla ya historia. Nataja hilo mapema kwa sababu mtu akiandika mambo ya kale, huulizwa ana karatasi gani, na mimi sina. Nina laptopu, bando, na Cucu aliyezaliwa kabla vita vya pili vya dunia havijaisha.

Mwezi wa pili mwaka huu Cucu aliniita sitting room. Huniita "mume wangu" kwa sababu nimebeba jina la guka, babake baba, ambaye alituacha nikiwa darasa la nne.

"Mume wangu," akasema, "si wewe huandika mambo ya rangi? Basi nipakie hii."

Ukuta wenyewe unaujua, msomaji, hata kama hujawahi kufika kwetu. Chini ni kijani cha rangi ya mafuta, kinachong'aa, hadi kifuani kwa mtu mzima. Halafu kuna mstari mweusi wa upana wa kidole. Juu ya mstari ni krimu ya rangi ya maji hadi darini. Ni ukuta wa shule ya msingi uliyosoma, wa zahanati uliyochanjiwa, wa afisi ya chifu ulikongoja barua. Kwa Cucu kijani kilikuwa kimepasuka karibu na dirisha kama matope ya mto uliokauka, na krimu ilikuwa imegeuka chai kwa moshi wa taa za miaka ile kabla stima haijafika.

Nikaingia kazini kama mtaalamu. Nilienda Karatina nikachukua kadi za rangi kwa hardware, nikampangia: ukuta wote rangi moja, nyeupe iliyotulia, isiyong'aa, kabati za jikoni kijani-kijivu kilichofifia, milango nyeupe. Nilimwonyesha picha kwa simu. Alizitazama moja moja, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Na kijani iko wapi?"

Nikamweleza. Kijani chini na krimu juu, nilimwambia, ni rangi ya afisi ya DC. Mkoloni ndiye aliyetuletea, sisi tukaiga, na hadi leo tunaishi ndani ya afisi yake bila kujua. Nilisema vizuri, nadhani hata mhadhiri wangu wa zamani angefurahi.

Cucu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "DC alininunulia lini? Hiyo kijani nilinunua mimi."

Nilitaka kujua ni nani kati yetu aliye na haki. Kwa hivyo kabla ya kushika brashi nilianza kuuliza kuta za huku kwetu zimetoka wapi.

*

Zamani sana hakuna mtu aliyechagua rangi ya ukuta. Katika boma la Mkikuyu mwanamume alikuwa na thingira yake na kila mke alikuwa na nyumba yake. Ndani ya nyumba ya mwanamke moto wa mafiga matatu haukuzimika kirahisi, na moshi ndio uliopaka rangi. Miaka ikipita, nguzo na paa la nyasi zilipata utando mweusi unaong'aa, mgumu, ambao wadudu hawakuupenda. Ukitaka kuita hiyo finishi, ita. Ilikuwa bora kuliko vanishi nyingi nilizowahi kuzisifu kwa malipo.

Rangi zilikuwepo, lakini zilikuwa za mwili wa mtu. Udongo mwekundu ulichanganywa na mafuta ukapakwa kichwani na mwilini. Ira, ule udongo mweupe, ulipakwa watu kwenye tohara, kwenye baraka na kwenye kuwatakasa walioingiwa na uchafu wa kimila. Mtu angeshangaa sana kuona ira ukutani.

Waliotia nyeupe ukutani ni wamisheni. Wakatoliki wa Consolata walifika Tuthu, upande wa Murang'a, mwaka 1902, na muda mfupi baadaye wakawa Nyeri. Wapresbiteri wa Kiskoti walianza Tumutumu, hapa Mathira, mwaka 1908. Pamoja na kitabu walileta nyumba yenye pembe nne, na nyumba yenye pembe ina kuta nyoofu zinazotaka kufanyiwa kitu. Walioanza kusoma waliitwa athomi, na ulimtambua muthomi kwa mbali: shati, nyumba ya mraba, dirisha, na chokaa.

Watu wa Pwani watacheka hapa, maana Lamu na Mombasa walikuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kuona theluji ya Kirinyaga. Chokaa ni kitu cha maana. Ukiizima kwa maji na kuipaka, hunyonya hewa ile tunayotoa puani na kurudi kuwa jiwe jembamba juu ya ukuta. Ni kali, kwa hivyo viini na kuvu havistawi juu yake. Ndiyo sababu serikali za wakati huo, zikiogopa tauni na kifua kikuu, zilipenda kupaka chokaa kila kitu. Huku kwetu, hata hivyo, chokaa haikuja kama ufundi wa wenyeji. Ilikuja kama dalili kwamba wewe ni msafi na jirani yako ambaye bado anakaa na moshi si msafi. Mpaka leo mkubwa akitarajiwa kutembelea mji, utaona mawe ya barabarani na vigogo vya miti vimepakwa nyeupe hadi magotini.

*

Kisha ikaja hali ya hatari. Ilitangazwa Oktoba 1952, na kufikia katikati ya 1954 serikali iliamua kwamba Wakikuyu wote wa vijijini wang'olewe kutoka mabomani mwao yaliyotawanyika kwenye migongo ya vilima, warundikwe mahali pamoja wasiweze kulisha wapiganaji wa msituni. Kwa muda wa takriban mwaka mmoja na nusu, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Sisi tunaviita gĩcagi, na neno hilo likitamkwa na mtu wa umri wa Cucu si jina tamu la nyumbani kama tunavyolitumia sisi vijana tukisema tunaenda "gichagi" Krismasi.

Nilimwomba Cucu anieleze kuta za gĩcagi. Si vita, si Mau Mau, mambo ambayo amewahi kuulizwa na watu wenye rekoda na akawajibu kwa mkato. Kuta tu. Aliongea hadi jiko likazima.

Alikuwa na miaka kama kumi na miwili. Walipewa siku chache. Nyumba ya mama yake ilichomwa, pamoja na ule weusi wake wote wa moshi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo vijiji vilijengwa na wanawake na watoto. Walikata miti, wakasimika nguzo, wakakanyaga udongo kwa miguu, wakakandika. Huo ni usiku na alfajiri, maana mchana kulikuwa na kazi ya lazima: kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, kupanda miba ya mianzi ndani yake, kuchimba lile handaki refu la kando ya msitu. Nyumba zilijipanga kwa mistari. Mlangoni kulikuwa na homugadi.

"Tuliingia ukuta ukiwa haujakauka," Cucu alisema. "Kukanyesha. Ukuta ukawa mbichi miezi. Ukiuegemea, unaondoka na ukuta mgongoni. Mama alikuwa na rinda moja. Kila asubuhi tunamfuta matope mgongoni, kila asubuhi."

Halafu akaongeza, kama jambo dogo, kwamba afisi iliyokuwa karibu na lango ilikuwa na ukuta laini. Aliingizwa humo siku moja pamoja na mama yake kuulizwa maswali. Hakuniambia maswali. Aliniambia ukuta ulikuwa baridi na mkavu.

*

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba nimekosea mahali, ingawa sikujua wapi. Nikarudi kwa rangi yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo ninayolipwa kuijua.

Kila rangi ya ukutani ina vitu vitatu vikuu: unga unaoleta rangi, gundi inayoushikilia, na maji au tina ya kuvisafirisha hadi kwenye brashi kisha vikauke. Mng'ao ni hesabu tu kati ya unga na gundi. Unga ukizidi, uso unabaki na vinundu vidogo, mwanga unatawanyika, na unapata rangi isiyong'aa, inayoficha makosa ya plasta lakini inayonyonya uchafu. Gundi ikizidi, unga unazama ndani yake, uso unakuwa laini kama kioo, unang'aa, unaonyesha kila makosa ya fundi, na unaoshwa kwa kitambaa na sabuni miaka ishirini.

Sasa fikiria serikali ya kikoloni isiyopenda kutumia pesa. Ina afisi, shule, hospitali na jela. Rangi ya mafuta ni ghali, rangi ya maji ya wakati huo ni rahisi lakini ukiigusa inabaki kwa mkono kama chaki. Watu wanagusa ukuta wapi? Hadi mabegani wakisimama kwa foleni, hadi kichwani wakiketi kwa benchi. Basi paka mafuta hadi hapo tu, juu weka ya rahisi, na katikati chora mstari kuficha mahali zinapokutana. Uingereza kwenyewe hospitali na shule nyingi za enzi zile zilifanywa hivyo hivyo, kijani au kahawia chini. Urembo haukuhusika. Ni urefu wa bega la mtu anayengoja, umegeuzwa kuwa bajeti.

Mwaka 1958, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, kampuni ya Walpamur ya Uingereza ilianza Kenya. Jina lenyewe lilitokana na watengenezaji wa karatasi za ukutani, na rangi yake ya maji ilijulikana kote katika himaya. Baada ya kubadilisha majina, kampuni hiyo ndiyo Crown Paints tunayoijua leo, ile ambayo maduka mengi ya Karatina yamepakwa nembo yake. Kwa hivyo nilikuwa na haki kwa nusu. Kijani chini na krimu juu kweli kulitoka kwa afisi.

Ila afisi haikukipeleka kwa Cucu.

*

Gĩcagi zilipolegezwa, watu wa Nyeri walirudi kwenye ardhi, lakini si ardhi ile ile. Kupitia mpango wa Swynnerton wa 1954 vipande vya mashamba vilikuwa vimekusanywa, vikapimwa na kuandikishwa, na hati zilitoka kwa majina ya wanaume. Ya kwetu ilitoka kwa jina la guka, ambalo ni jina langu. Mpango huo huo ulifungua mlango wa kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu Mwafrika wa Mlima hakuruhusiwa kulipanda. Kahawa ilichumwa na Cucu na wenzake, ikapelekwa kiwandani kwa migongo yao, na malipo ya sosaiti yakaingia kwa jina lililo kwenye hati.

Cucu na guka walioana wakajenga nyumba ya mbao. Paa lilikuwa la nyasi mpaka wanawake wa ridge ile walipounda kikundi. Hivi ni vile vikundi vilivyojulikana kama vya mabati: wanawake walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakaweka pesa pamoja, wakaezekana kwa zamu. Leo kwako, mwezi ujao kwa jirani. Ukipita Mathira au Othaya miaka ya sitini ungeona mabati yakiongezeka mgongo baada ya mgongo, na hayakununuliwa na serikali.

Ndani ya nyumba ya mbao upepo wa Nyeri uliingia kwenye nyufa. Dawa yake ilikuwa magazeti. Ulipika uji mzito wa unga wa ngano, ukabandika kurasa ukutani, safu juu ya safu. Baba yangu anasema alijifunza kusoma Kiswahili akiwa amelala, kwa kuta. Habari moja ya bei ya ng'ombe anaikumbuka mpaka leo, na mwisho wake haujui kwa sababu ulifunikwa na tangazo la sabuni.

Kisha Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, kule Paraná. Bei ya kahawa duniani ikapanda 1976 na 1977 kama haijawahi. Huku Mlimani hakuna aliyekuwa amesikia Paraná, lakini sosaiti zililipa, na nyumba za mawe zikaanza kuchipuka. Yetu ilimalizika 1977. Mawe yalinunuliwa na guka kwa pesa za kahawa. Saruji pia. Guka alitaka kuhamia mara plasta ilipokauka. Rangi, alisema, ni mambo ya mjini.

Cucu alikuwa na pesa za kikundi. Mabati yalikuwa yamekwisha kuezekwa kwa kila mwanachama, wakaendelea na mzunguko, sasa kwa masufuria, vitanda, chochote mtu alitaka. Zamu yake ilipofika alipanda gari hadi Karatina akanunua rangi: kijani ya mafuta, krimu ya maji, na mkebe mdogo wa nyeusi. Alirudi nayo, akatafuta fundi, akamsimamia. Guka alipouliza kwa nini rangi mbili, alimwambia akae kwenye kiti na aegemee.

Nilimuuliza mbona basi achague ya afisi. Alinieleza kama anavyoeleza mtoto. Aliona ukuta ule mara mbili. Mara ya kwanza ni ile siku ya maswali. Mara ya pili ni alipomzaa baba yangu katika hospitali ya misheni. Baada ya kujifungua walimketisha, akaegemea ukuta wa kijani, na muuguzi alipomsaidia kuinuka, Cucu aligeuza shingo kutazama nguo yake mgongoni. Ilikuwa safi.

"Nikasema siku moja nitakuwa na ukuta usioniachia kitu."

*

Fundi niliyempata ni mzee wa Karatina mwenye suruali yenye historia yote ya rangi za mji huo. Alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza.

"Kijana, hii kijani ni ya zamani. Tutapiga msasa mpaka chini."

Hapo tu ndipo kazi yangu ya Ohio ilinifaa. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani, si ile ya bunduki bali madini yenyewe, yaliyotiwa ili rangi ikauke haraka na idumu. Kijani kilikuwa na sababu ya ziada: mara nyingi kilitengenezwa kwa kuchanganya njano ya kromu, ambayo ina risasi, na buluu. Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Huku kwetu rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Ni juzi tu ndipo kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kilipowekwa. Ukuta mzima hauna neno. Hatari ni vumbi la msasa, hasa kwa watoto wadogo, kwa sababu linadhuru ubongo unaokua. Na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka miwili, hutambaa kila mahali nyumbani humo.

Nilimwambia fundi tulowanishe. Akaniangalia. Miaka thelathini amepiga msasa mkavu, akaniambia, na kikohozi ni cha baridi. Sikubishana naye juu ya kikohozi. Tulikubaliana: maji na sabuni ukutani, msasa wa maji kwa mkono, tung'oe tu kilichokwisha kupasuka, palipo imara tupake juu yake, matandiko yote nje, mtoto aende kwa nyanya yake mwingine wiki mbili, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Nilimnunulia barakoa. Siku ya kwanza aliivaa kidevuni. Siku ya pili Cucu alimwambia, "Fundi, vaa hicho kitu vizuri, nisije nikalipa rangi na jeneza." Akavaa.

Ukuta ulipokuwa ukikauka, mimi nilishuka hadi Murang'a. Nilipokuwa chuo tuliwahi kuonyeshwa picha za ukutani katika kanisa la Kianglikana huko, nikaondoka kabla ya kuziona kwa macho. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1959 Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu chini ya Kilimanjaro na kusomea Makerere, alimaliza kuchora ndani yake picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika. Anazaliwa katika nyumba ya Kikuyu, na nyuma ya watu ni vilima hivi hivi vya kwetu, na udongo ni mwekundu.

Nilikaa benchi la nyuma. Miaka hiyo mingi ya kuta, nyeusi ya moshi, nyeupe ya misheni, matope ya gĩcagi, kijani ya afisi, na hapa kulikuwa na mtu aliyeambiwa apake ukuta wa kanisa hali ya hatari ikiwa bado haijaisha, akaweka rangi ya mahali penyewe. Watu wameandika mengi juu ya Njau, na alistahili. Baadaye alianzisha Paa ya Paa huko Nairobi. Lakini katika matatu ya kurudi nilikuwa nikimfikiria mwanamke aliyeshuka Karatina 1977 na mikebe mitatu. Hakuna aliyeandika juu yake, hata mimi, niliyekuwa nikiketi mbele ya ukuta wake kila siku nikiandika juu ya kuta za wengine.

*

Kuna jambo lingine nililogundua kwa aibu. Ushauri wangu kuhusu chumba kinachotazama kaskazini hauna maana Mathira. Tuko chini kidogo ya ikweta, ambayo hupita Nanyuki. Jua letu huwa kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Hakuna chumba cha kaskazini chenye kiza cha kudumu. Kilicho cha kudumu ni ukungu wa Julai, msimu tunaouita gathano, wakati nguo hukaa siku tatu kwa kamba na kuta za mawe hutoka jasho. Nyeupe yangu iliyotulia, isiyong'aa, ingekuwa na madoa ya kuvu kabla ya Agosti. Kijani ya mafuta iliyoshika miaka karibu hamsini ilikuwa imejibu swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Tulipaka kijani. Si ile ile, maana ile haiuzwi tena. Fundi alichanganya mbili mpaka Cucu akasema simama. Ni ya maji sasa, ile inayong'aa na kuoshwa, na mkebe wake unasema haina risasi. Juu krimu. Mstari mweusi fundi aliuchora kwa mkono, bila rula, kwa pumzi moja kutoka pembe hadi pembe.

Kabati za jikoni ndizo tuligombania. Ni za mbao za mukima uliokatwa shambani, fundi seremala alizipiga vanishi nyekundu wakati baba alipokuwa shule ya upili. Mimi nilitaka tuzipake. Cucu alisema mbao ni zake na mukima aliupanda yeye, na hataki kusahau ni mti. Nikasema basi tuikwangue ile vanishi nyekundu, tuweke isiyo na rangi, mti uonekane. Hilo alilifikiria siku mbili, akakubali nusu: milango ya juu tu. Ya chini ibaki, huko ndiko mikono yenye mafuta hushika.

Nilipomaliza nilipiga picha, nikataka kumtumia yule jamaa wa Nairobi aone. Sikumtumia. Alikuwa ameniletea kazi mpya: maneno elfu moja mia mbili, kwa nini kuta za rangi mbili zinarudi kwa kishindo majumbani mwaka huu. Nimesoma maelekezo mara mbili. Wanataka nitaje Paris.

Cucu ameketi sitting room, kiti chake kimeshikana na ukuta. Rangi inahitaji siku saba kabla ya kuegemewa, nilimwambia. Ni siku ya tano.